Muulize Fundi wa Maabara: Mawe yanayopikwa majini

Mwezi uliopita nilimjibu msomaji wa Iringa aliyetaka kujua kwa nini saa yake ya betri inashika majira vizuri kuliko ile ya kutia ufunguo aliyoachiwa na babu yake. Nikaandika kwa haraka, sentensi moja tu, kwamba ndani ya saa ya betri mna kipande cha jiwe kilichopikwa kiwandani ndani ya maji. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko chochote tangu niandike juu ya mafuta ya taa yaliyochakachuliwa. Wawili wameuliza kwa adabu kama afya yangu ni nzuri.

Basi ukurasa wote leo ni wa mawe hayo. Kwa wageni: mimi si profesa. Nilikuwa fundi wa maabara ya kemia chuoni kwa miaka 31, kazi yangu kuosha, kupima, kufunga na kufungua vyungu ambavyo wenye shahada walivijaza. Sasa nipo Tanga nafuga kuku. Joto lote ninalolitaja humu ni kwa nyuzi za Selsiasi.

Asalaam aleikum mzee wetu. Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko Mwembe Tayari. Nimefungua saa za betri zisizo na idadi, sijaona jiwe. Na hata kama limo, mchanga si umejaa baharini? Wauyeyushe, wamimine kwenye kalibu, basi. Maji yanaingiaje hapo? — Fundi Saa, Mombasa

Waalaikum salaam, fundi. Jiwe umeliona mara elfu, ila limevaa koti. Kwenye ubao wa saketi pana kikopo cha rangi ya fedha, chembamba, urefu wake kama punje ya mchele, chenye miguu miwili ya waya. Chukua cha saa mbovu, kikate kichwa taratibu, utoe kilichomo. Utapata kiuma kidogo chenye meno mawili. Hicho ndicho kwatzi. Kikipata umeme, meno yake yanatikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ina sababu: igawe kwa mbili, ugawe tena, ufanye hivyo mara 15, utabaki na 1, na hiyo moja ndiyo sekunde inayosukuma mshale. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii kuuzwa madukani, Seiko Astron, iliyotoka Tokyo Desemba 1969, ilikuwa na kwatzi ya mitikisiko 8,192. Hesabu ni ileile, unagawa mara 13.

Sasa hilo la kuyeyusha. Mchanga mweupe safi unayeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi, na ukipoa unapata kioo. Kioo hicho na kwatzi ni baba mmoja mama mmoja: silikoni na oksijeni zilezile kwa kipimo kilekile. Kinachowatenga ni mpangilio. Ndani ya kwatzi chembe zimesimama safu kwa safu kama watu kwenye swala ya Ijumaa. Ndani ya kioo zimebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Ukikitia kioo umeme hakitikisiki. Safu ndizo zinazofanya kazi.

Na hata ukiwa na subira ya kupoza polepole, kuna mtego njiani. Kwatzi ikivuka nyuzi 573 hujigeuza mpangilio wake wa ndani, na ikirudi chini ya hapo hujipanga upya, huku upande mmoja umeelekea huku na mwingine kule. Kipande kimoja kinakuwa na viraka, na kwa saa hakifai tena. Kwa hiyo kwatzi ya saa inatakiwa izaliwe na ikulie chini ya nyuzi 573. Katika joto dogo kiasi hicho, kitu gani kitaweza kuibeba silika (ile silikoni na oksijeni zilizoshikana) ikiwa imeyeyuka? Maji, lakini yaliyobanwa.

Chungu chenyewe ni mtungi mrefu uliosimama, wa chuma kizito, ukuta wake mnene kuliko unavyoweza kudhani. Wazungu wanauita otoklevi; kwetu maabara tulisema chungu. Chini unaweka vipande vya kwatzi ya kuchimbwa, vile visivyo na umbo wala thamani. Juu unatundika mbegu, yaani vibapa vyembamba vilivyokatwa kutoka fuwele nzuri, jiwe ambalo chembe zake zimesimama safu. Katikati unaweka sahani ya chuma yenye matundu. Unatia maji yenye magadi ya sabuni, kwa sababu maji matupu hayaipendi kwatzi, na unaacha kama sehemu moja katika tano tupu. Unafunga. Unapasha chini mpaka nyuzi 400 hivi, juu unaacha pawe baridi kidogo. Baridi ya hapa ni nyuzi 350.

Watu wengi wanadhani presha ya mle inatoka kwa mvuke, kama ya sufuria ya maharage. Sivyo. Maji yakipata moto yanavimba. Yanaila ile nafasi tupu mpaka yanagusa kifuniko, na joto bado linapanda. Kuanzia hapo hayana pa kwenda, na kila nyuzi moja inayoongezeka inapandisha presha kwa hasira, hata kupita mara 1,000 ya presha ya hewa hii tunayovuta. Kiasi cha maji ulichomimina asubuhi ndicho kilichoamua presha ya usiku. Ndiyo maana fundi anayepima maji kwa macho hakai na kazi hiyo.

Halafu kinaanza kitu ambacho mimi hukipenda. Maji ya chini, yenye moto zaidi, yanabeba silika nyingi. Yanakuwa mepesi, yanapanda. Yakifika juu yanapoa kidogo, hayawezi tena kubeba mzigo wote, yanatua sehemu yake juu ya mbegu. Yanashuka kuchukua mwingine, kama wachukuzi wa bandarini kwenu, usiku na mchana, wiki kwa wiki. Mbegu inanenepa kwa milimita moja kwa siku, au pungufu.

Jambo hili lilichukua muda watu kulielewa. Giorgio Spezia, bwana mmoja wa Turin, Italia, alikuza kwatzi juu ya mbegu mwanzoni mwa karne iliyopita. Alifanya kila kitu sawasawa isipokuwa kimoja: moto aliuweka juu na mbegu chini. Maji ya moto yakiwa tayari juu hayana sababu ya kwenda popote. Silika ikawa inashuka yenyewe chembe kwa chembe, bila mchukuzi. Alisubiri siku 200 akapata sentimita moja na nusu hivi. Mimi simcheki. Nimemweleza mke wangu kisa hiki mara nyingi nikimwomba asiweke jiko la mkaa juu ya sufuria ya wali kabla ya wakati, naye hunijibu kwamba huo ni wali na si jiwe.

Kilichowaharakisha wengine ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kila redio ya jeshi ilihitaji kipande cha kwatzi ili isihame masafa, na kwatzi safi ya kutosha ilitoka Brazili, kwa meli, katika bahari iliyojaa nyambizi. Ujerumani, Richard Nacken alikuwa akiikuza kwa joto na presha. Vita vilipokwisha, Wamarekani walisoma kazi yake wakaiendeleza, na mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vyao vikaanza kuitoa kwa wingi. Leo kwatzi iliyomo kwenye saa unazotengeneza, fundi, na kwenye simu uliyopigia picha ya barua yako, haijawahi kuona mgodi isipokuwa kupitia babu zake, wale vipande wa chini ya chungu.

Shikamoo Mzee. Nasoma shahada ya uzamili. Natengeneza fosfeti ya metali kwa maji ya moto kwenye kikombe cha Tefloni ndani ya chungu cha chuma, nyuzi 180, siku tatu. Nikimaliza nakitumbukiza chungu kwenye beseni la maji ili kipoe upesi, nafungua, napata unga. Mara kumi na moja, unga. Msimamizi wangu anataka fuwele moja tu ya kupeleka kwenye mashine ya eksirei, ionyeshe mpangilio wa chembe zake. — Nimechoka, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Hilo beseni limwage kabla hujaendelea kusoma.

Kwanza ni hatari. Kwa nyuzi 180 maji ya mle yanasukuma kifuniko mara 10 hivi ya presha ya hewa, nawe unakishtua chuma kwa baridi huku bado kimebeba hayo. Pili, beseni ndilo linalokutengenezea unga. Fikiria maji yaliyobeba chumvi nyingi kwa sababu yana moto. Ukiyapoza taratibu, yanaelemewa kidogo tu, na pengine chembe tatu au nne zitazaliwa. Zote zitakazofuata zinajiunga na hizo. Ukiyapoza kwa dakika tano, yanaelemewa kupita kiasi na chembe milioni zinazaliwa kwa pamoja, kila moja imenyakua kidogo, chakula kimekwisha. Huo ndio unga wako. Fuwele zimo humo, ila ni milioni. Wewe unataka familia yenye watoto wachache.

Nitakuambia nilivyojifunza, maana hakuna aliyenifundisha. Mwaka mmoja, nikiwa kijana wa kazi, mwalimu mmoja aliniachia vyungu vinne vya fosfeti ya kobalti kwenye tanuri Ijumaa jioni, akaniambia nikifika Jumamosi nivitoe saa mbili asubuhi na kuvipoza kwenye maji kama wewe. Ijumaa usiku umeme ukakatika. Jumamosi nikafika, tanuri limezima, vyungu vuguvugu, nikajua nimepata kesi. Sikuvigusa. Jumatatu akaja amekasirika, akavifungua mwenyewe. Vitatu vilikuwa na unga wa zambarau kama kawaida. Cha nne, kilichokuwa nyuma kabisa karibu na ukuta wa tanuri, kilikuwa na vijiti vya zambarau vinavyong'aa, kimoja kirefu kama punje ya ulezi mara mbili. Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza umeme ulikatika saa ngapi. Tangu siku ile tulipoza kwa nyuzi tano kwa saa, na tanuri likiwa halina kidhibiti nilikaa pale na daftari, napunguza kwa mkono.

Kwa hiyo: poza kwa nyuzi tatu hadi tano kila saa, angalau mpaka 80, kisha zima uache mpaka asubuhi. Ukiona bado ni unga, punguza dawa. Wanafunzi huongeza, wakidhani kidogo kitaleta fuwele ndogo. Jaribu nusu, kisha robo. Ongeza siku: tatu ni chache, jaribu saba. Badilisha asidi na alkali ya maji, chungu kimoja hatua moja, na andika. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja hata kama unachelewa, kwa sababu ukifaulu hutajua ni kipi kilichofaulu, na ukirudia kitakukimbia. Nimeona tasnifu nzima imekwama hapo.

Kisha kuna kile tulichokiita mineralaiza, kitu kinachoongezwa kidogo ili kile kigumu kiyeyuke na kutua tena mara nyingi mpaka kijipange. Kwatzi hupewa magadi ya sabuni. Fosfeti na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo ndani) nyingi huitikia floridi, kama floridi ya amonia, kidogo sana. Hapo nakuomba kwa heshima zote: usiikaribie asidi ya floridi yenyewe peke yako, hata kama makala uliyosoma wameitumia. Ngozi haisikii maumivu mwanzoni, na ikisikia imeshaingia ndani. Na hata floridi ya amonia, ukiitia kwenye maji yenye asidi, inakuzalia asidi hiyohiyo humohumo. Vaa glavu, na fungua chungu ndani ya kabati la hewa, lile linalonyonya mivuke na kuitoa nje.

Jambo lingine ambalo halimo vitabuni ni kikombe chako. Tefloni ina kumbukumbu. Mikwaruzo yake inaficha chembe za jaribio la mwezi uliopita, na kila chembe ni mbegu usiyoialika. Kikombe kilichochunwa na kijiko cha chuma kitakupa unga hata ukimwita nani. Kichemshe kwa maji yenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa, ukisuuze mara nyingi, kisha kipike tena na maji matupu kabla hujakitumia. Kama kimekwaruzika sana, omba kipya. Usikijaze zaidi ya theluthi mbili. Sababu nimempa fundi saa hapo juu. Usivuke nyuzi 200, maana Tefloni inaanza kulegea na kutambaa. Pima uzito wa chungu kizima kabla ya kukiingiza na baada ya kutoka. Kikipungua hata gramu moja, kilivuja, na matokeo yake usiyajadili na mtu.

Na hata ukifanya yote haya, kuna chumvi kaidi. Fosfeti ya alumini, ile waitayo belinaiti, inayeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata moto, katika joto la vyungu hivi. Ukiipoza inarudi majini. Wanaoikuza hupasha polepole, au huweka mbegu upande wa moto, kinyume cha kwatzi. Kwa kuwa yako ni fosfeti, tenga vyungu viwili ujaribu kwa njia hiyo: panda nyuzi mbili kwa siku kutoka 150, halafu chuja kikiwa vuguvugu kadiri usalama unavyoruhusu. Nasema vuguvugu. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto la siku niliyodhani nyuzi 90 ni vuguvugu.

Mwisho, kabla hujautupa unga wa mara ya kumi na mbili, uweke chini ya hadubini. Eksirei haidai kito cha pete. Fuwele ya sehemu moja hadi tatu ya kumi ya milimita inatosha, ikiwa safi na peke yake. Mara mbili nimewaona watu wakitupa kile walichokuwa wakikitafuta.

Ndugu mhariri wa safu, mimi ni broka hapa Arusha. Kuna mtu ameniletea zumaridi tisa, safi hasa, ndani hakuna kitu, anadai ni za Sumbawanga, na bei yake inanitia wasiwasi kwa jinsi ilivyo ndogo. Wenzangu wanasema zipo zinazopikwa. Ni kweli? Na tanzanaiti nayo inapikwa? — Broka, Arusha

Ni kweli, na si jambo la jana. Johann Lechleitner wa Innsbruck, Austria, mwaka 1960 alichukua berili rahisi (madini ambayo zumaridi ni aina yake ya kijani) iliyokatwa tayari akaivika ganda la zumaridi ndani ya chungu cha maji. Mwaka 1965 kampuni ya Linde ya Marekani ikauza zumaridi nzima iliyokuzwa kwa maji. Baadaye Novosibirsk, Urusi, wakaifanya kazi kubwa. Ni chungu kilekile cha kwatzi, ila kikali zaidi: nyuzi 500 hadi 600, maji yenye asidi badala ya magadi, na kromiamu kidogo kwa ajili ya rangi ya kijani.

Ukiniuliza kama hizo ni feki, nitakusumbua. Ni berili kweli, ugumu uleule, chembe zilezile. Chupa iliyokatwa ni feki. Hii ni zumaridi iliyozaliwa hospitali badala ya nyumbani. Kosa linaanza pale mwenye nazo anapotaja Sumbawanga.

Chukua lupu yako, kile kioo cha kukuzia, ya mara kumi na tochi, uweke jiwe ndani ya glasi ya maji ili mng'ao wa juu upungue. Zumaridi nyingi za ukanda wetu, za Manyara na za Zambia hasa, zilizaliwa kwenye mwamba wa maika, madini yanayobanduka vigamba vyembamba, na mara nyingi zina vipande vya maika ndani, vyeusi au kahawia, kama pilipili manga kwenye mchuzi. Za chungu hazina. Badala yake tafuta mistari ya ukuaji iliyokunjwa kama herufi V zilizopangana, au visindano vyenye kichwa, mithili ya msumari, vyote vikielekea upande mmoja. Ukiviona, umemaliza. Usipoona kitu chochote, hujamaliza, na mawe tisa yasiyo na kitu chochote ndani yake kwa bei ya nyanya yanatakiwa yakukoseshe usingizi. Yapeleke kwa mwenye mashine. Umwambie unashuku za maji, kwa sababu kipimo cha kutafuta maji ndani ya jiwe kinazikamata upesi zile zilizokuzwa kwenye chumvi iliyoyeyuka, ambazo ni kavu kabisa. Hizi zako zimelelewa majini, hapo lazima mtu asome aina ya maji yenyewe.

Tanzanaiti ni habari nyingine. Sokoni hakuna tanzanaiti iliyokuzwa. Kinachouzwa kwa jina la "tanzanaiti ya maabara" kwa kawaida ni forsteriti, madini mengine kabisa yaliyotiwa rangi ya buluu, au ni kioo. Forsteriti ina tabia moja inayoisaliti: ukiitazama kwa lupu kupitia uso wa juu, kingo za nyuma unaziona mbilimbili, kama umevaa miwani ya mtu mwingine. Tanzanaiti haifanyi hivyo kwa kiasi cha kuonekana hivihivi. Watu wa Mererani wengine wanalijua hili bila kulisomea.

Nafanya kazi kwenye mabomba ya maji ya moto yanayotoka ardhini karibu na Naivasha. Kila baada ya muda tunagonga ukoko mweupe mgumu ndani ya bomba. Ni silika, wanatuambia. Kama silika ndiyo hiyohiyo, mbona hatupati kwatzi? — Bomba, Naivasha

Kwa sababu mnaiharakisha. Maji yale yalikaa chini, ndani ya miamba ya moto, yakashiba silika. Yakipanda yanapoteza presha, sehemu yanakuwa mvuke, yanapoa, na mzigo wote unaanguka ndani ya muda mfupi. Chembe hazipati nafasi ya kupanga safu, zinaganda ovyo. Ni jamaa wa opali, jiwe la silika lisilo na safu, kuliko wa kwatzi. Ni beseni la yule kijana wa Morogoro, ila lenu ni la kilomita kadhaa.

Kinyume chake kipo Naica, Mexico. Mwaka 2000 wachimbaji waliingia kwenye pango, mita 300 chini, wakakuta fuwele za jasi zilizolala kama magogo ya mnazi, ndefu kupita mita 11. Maji yaliyojaa mle yalikuwa na joto la karibu nyuzi 58, na joto hilo ndilo mpaka: juu yake jasi inashindwa na ndugu yake asiye na maji, chini yake jasi inashinda. Maji yakakaa chini kidogo tu ya mpaka huo, hayayumbi, kwa muda ambao sisi hatuna maneno yake. Hakuna mtu aliyepima wala kufunga kitu. Nikiitazama picha yake najisikia vibaya kwa mambo yote niliyowahi kuyaharakisha.

Shikamoo babu. Nina miaka 13. Nimesoma kwamba kwatzi ya kwanza ya kutengenezwa na watu ilipikwa kwenye sufuria ya presha. Mama anayo moja. Naweza kujaribu? Au nitumie kipande cha paipu ya chuma, nifunge ncha zote mbili, niweke kwenye jiko la makaa? — Mwanasayansi, Nakuru

Marahaba mjukuu wangu. Paipu, hapana. Hata kwa mzaha, hata nje ya nyumba, hata ukijificha nyuma ya ukuta. Maji yaliyofungiwa kwenye paipu juu ya makaa ni bomu, na halitoi onyo. Mpe mama yako ukurasa huu asome mstari huu.

Ulichosoma ni kweli. Mwaka 1845, huko München, Karl von Schafhäutl alichemsha silika na maji kwa siku kadhaa kwenye chombo cha aina iliyobuniwa na Mfaransa Denis Papin mwaka 1679, babu wa sufuria ya mama yako. Akapata kwatzi. Lakini ilikuwa ndogo hivi kwamba aliiona kwa hadubini tu. Sufuria ya mama inafika nyuzi 120 hivi kisha inapiga filimbi. Itaiva githeri, kwatzi haitaonekana, na utaulizwa ni nani aliyetia mchanga.

Kuza shabu. Ni lile jiwe jeupe ambalo kinyozi humpaka mtu shavuni baada ya wembe. Madukani kwenu huenda wakaliita alamu. Nunua gramu 120. Saga. Chemsha nusu lita ya maji, zima moto, tia shabu, koroga mpaka iyeyuke yote, chuja kwa kitambaa safi. Mimina kidogo kwenye kisosi, kingine chote kiache kwenye chupa ya jemu. Asubuhi kisosini utakuta vifuwele. Chagua kimoja tu, chenye pande zilizonyooka, ukifunge kwa uzi mwembamba kabisa, ukitundike katikati ya chupa. Maji lazima yawe yamepoa kabisa, la sivyo yataila mbegu yako ndani ya dakika moja. Kama chini ya chupa kumeota fuwele nyingine, mimina maji kwenye chupa safi uziache, zinakunyang'anya chakula.

Kisha usiiguse. Weka mahali pasipo na jua wala mtikisiko, juu ya kabati. Kila siku itakua kidogo kadiri maji yanavyokauka. Ya mjukuu wangu wa hapa Tanga ilifika ukubwa wa kete ya bao kwa wiki tatu, yenye pande nane, unaona dirisha kupitia ndani yake. Ingekuwa kubwa zaidi, ila hakufunika chupa, na usiku mmoja mende akatumbukia. Funika kwa kitambaa, ukifunge kwa mpira.